Mikoko ni yetu kuilinda. Kuiuza je?

Kila mwaka ifikapo tarehe 26 Julai, siku ya mikoko duniani, viongozi wetu huvaa buti za mpira wakashuka matopeni kupanda miche. Picha hupigwa, chupa za maji hugawiwa, hotuba husomwa, na msafara hurudi barabarani kabla maji hayajaanza kujaa. Anayebaki nyuma ni mwanakijiji, na yeye ndiye ajuaye kilichofuata. Mara nyingi kilichofuata ni maji ya bamvua kupita mara moja tu na kuzoa miche yote, kwa sababu ilipandwa kwenye mchanga mtupu ambapo mkoko haukupata kuota hata siku moja.

Mvuvi yeyote wa kwetu angewaambia, lau angeulizwa. Mlilana hukaa mbele, uso kwa uso na bahari. Nyuma yake ndipo penye mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama miguu ya kaa. Kisha hufuata muia na mkandaa. Mchu ndio usiochagua sana: utaukuta mbele, na utaukuta tena nyuma kabisa, penye chumvi kali. Lakini mche wa mkoko ni mrefu, huokotwa kwa urahisi na huchomekwa kama kijiti, kwa hivyo ndio unaopandwa kila mahali, pafae pasifae. Serikali imejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na penye mbio za kuhesabu miche iliyopandwa hapana anayeulizwa hesabu ya iliyopona.

Miche niiache hapo. Jambo ninalotaka tulizungumze, ndugu msomaji, ni zito kuliko hilo. Kwa zaidi ya miaka 30 sasa watu wa pwani wameonyesha kwamba wanaweza kuilinda ardhi oevu yao na wakaitumia bila kuimaliza. Sasa fedha za kaboni zimeanza kuingia, na pamoja nazo wanakuja watu wenye mikoba na mikataba. Sheria imebadilika ndani ya miaka michache. Na sisi, kwa kawaida yetu, tunabishana juu ya siasa za Nairobi wakati karatasi zinazohusu tope la mlangoni petu zinatiwa saini.

Tuanze Gazi, kwa sababu hapo ndipo penye ushahidi.

Ghuba ya Gazi iko Kwale, kusini mwa Mombasa, na ina karibu hekta 615 za mikoko. Miaka ya 1970 sehemu kubwa ya miti hiyo ilifyekwa kwa ajili ya kuni za viwandani. Waliofyeka walikwenda zao, na ufuo ukabaki uwanda. Mahali pengine mikoko ikikatwa huota tena yenyewe, hapa haikuota. Mchanga ulianza kuhama, mawimbi yakala ardhi, na waliokuwa wakivua karibu na nyumbani wakalazimika kwenda mbali. Mwaka 1991 watafiti wa KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, akiwemo Dkt. James Kairo, walianza kupanda upya wakishirikiana na wanakijiji. Ilikuwa kazi ya kujifunza kwa kukosea: mti gani, tope gani, maji ya kiasi gani.

Zaidi ya miaka 20 baadaye, mwaka 2013, kazi hiyo ilizaa mradi wa Mikoko Pamoja, wa vijiji viwili vya Gazi na Makongeni. Unahusu hekta 117 za mikoko ya ghuba ile. Miti na tope lake hupimwa, hukadiriwa ni hewa ya kaboni kiasi gani inayozuiwa isirudi angani, kisha shirika la Plan Vivo hutoa vyeti. Vyeti hivyo hununuliwa na watu na makampuni ya ng'ambo yanayotaka kufidia moshi wao, kupitia shirika la hisani lililoko Scotland. Kiasi chenyewe ni kama tani 3,000 kwa mwaka. Wataalamu wanasema siri ya mikoko iko chini zaidi kuliko juu: kaboni nyingi imefukiwa ndani ya tope, na tope likifukuliwa au likikauka, hutoka. Kwa hivyo mtu anayekata mkoko akachimba na bwawa hapo hapo hasara yake ni maradufu.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu hudanganyana. Katika miaka ya mwanzo mradi uliingiza takriban dola 12,000 za Marekani kwa mwaka. Vijiji vile viwili vina watu zaidi ya 5,000. Ukigawa, kila mtu hapati hata dola 3 kwa mwaka mzima. Hazimtoshi samaki na unga wa siku moja. Lau zingegawiwa mkononi, mradi ungekufa mwaka ule ule kwa manung'uniko. Hazikugawiwa. Kamati iliyochaguliwa na wanakijiji iliitisha mikutano, watu wakasema wanataka nini, na fedha zikaingia kwenye maji ya bomba na vitabu vya shule, na sehemu ikarudi kwenye kulipia ulinzi na upandaji. Mama anayefungua bomba asubuhi haitaji kuelezwa kaboni ni nini. Anajua kwamba maji yale yametoka kwenye mikoko, na akimwona mtu na panga kule hori, atauliza.

Mwaka 2017 Umoja wa Mataifa, kupitia UNDP, uliipa Mikoko Pamoja Tuzo ya Ikweta. Walistahiki. Lakini wageni wengi waliokuja baada ya tuzo walichukua somo la kaboni wakaacha somo la mkutano wa kijiji. Kabla ya mradi kulikuwa na miaka 20 ya watu kupanda pamoja na kujuana. Kulikuwa pia na jambo dogo ambalo halionekani kwenye picha: kupandwa kwa mivinje, ili mwenye kutaka kuni na miti ya kujengea awe na pa kwenda. Ukimwambia mtu asikate hapa, lazima uwe na jawabu akikuuliza akate wapi. Bila jawabu hilo hujazuia kitu, umemhamisha tu. Na hekta 117 ndani ya 615 ni kama sehemu moja katika tano. Nafasi ya kuhamia ipo tele.

Mfano huo ulisogea kusini. Mwaka 2019 vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu, kule mpakani na Tanzania, vilianza mradi wao kwa hekta 460, karibu mara nne ya ule wa Gazi. Sasa tunaona wengine wakinyoosha mikono, Kilifi, Tana River na Lamu, na makampuni yakipita vijijini na michoro yao.

Kabla ya kufika kwenye makampuni, nina neno kuhusu mkataji. Katika habari za mazingira yeye ndiye adui siku zote. Anapigwa picha amekamatwa, na kando yake mtumbwi uliojaa boriti. Mimi nimelelewa chini ya dari ya boriti na siwezi kumwita mtu huyu mhalifu kwa wepesi hivyo.

Mikoko ndiyo iliyojenga miji yetu. Upana wa vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa ulipimwa kwa urefu wa boriti. Ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Majahazi yaliyokuja na kaskazi yakipeleka tende na mazulia yalirudi Arabuni na kusi yakiwa yamepakia miti ya Lamu. Hata lugha imebaki na alama: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, vigingi, banaa, kila unene una jina lake, na mkataji mzoefu humtazama mti akiwa bado umesimama akajua ni upi kati ya hiyo. Ganda la mkandaa lilitiwa rangi ngozi na nyavu. Watu wenye msamiati kama huu hawakuwa wakiharibu kiholela. Walikuwa wakichagua. Aliyehitaji boriti alikata boriti, akaacha pau iwe boriti ya mwanawe.

Kisha zikaja amri. Mwaka 1982 usafirishaji wa miti ya mikoko kwenda nje ulipigwa marufuku, na Lamu ikapoteza soko lake la karne nyingi kwa saini moja. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu yote ya umma. Amri hiyo ilitokana na hasira juu ya misitu ya bara na vyanzo vya mito, lakini ilimwangukia pia mkataji wa Lamu ambaye hata kibali alikuwa nacho. Familia zilikaa bila chakula. Baada ya vilio vingi, mwaka uliofuata Lamu iliruhusiwa tena kukata kwa masharti. Amri ya jumla iliondolewa mwaka 2023.

Tuliloliona katika miezi ile lilikuwa somo, ingawa sidhani limesomwa. Mwenye kibali alisimama. Asiye na kibali, aliyezoea kukata usiku, aliendelea, na bei ikampandia. Marufuku ilimfunga mikono yule yule ambaye jina lake liko kwenye daftari la ofisi ya misitu. Lamu ina zaidi ya asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya, katika hekta kama 61,000 zilizopo. Kisiwani Pate, kule Mtangawanda, wanawake wamekuwa wakirudisha mikoko palipofyekwa, na wanapanda wakijua kwamba siku moja sehemu ya miti hiyo itakatwa. Hilo halipingani na uhifadhi. Mti uliokatwa kwa kuchaguliwa na kuachiwa nafasi ya kuota ni salama kuliko mti uliokatazwa na ukasahauliwa.

Sasa turudi kwa wenye mikoba.

Swali la kwanza ambalo kijiji kinapaswa kuuliza ni hili: tope hili ni la nani? Jawabu linaumiza. Misitu ya mikoko ya pwani yetu ilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1932, wakati wa Mwingereza, na baada ya uhuru hali hiyo ikaendelea. Katiba ya 2010, Kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya maji yakijaa na maji yakipwa ni ardhi ya umma, na misitu ya serikali vilevile. Kwa maneno mengine mikoko ni ya umma mara mbili. Wanakijiji wa Gazi hawamiliki hata kijiti. Wanachofanya ni kuilinda na kuitumia kwa makubaliano na Shirika la Huduma za Misitu, kupitia chama cha jamii cha misitu, kama sheria ya misitu ya 2016 inavyoruhusu. Makubaliano yana muda na yana masharti, na mwenye mali anabaki kuwa serikali.

Kwa hivyo anayekuja kununua kaboni anazungumza na nani? Hapo ndipo sheria ya mabadiliko ya tabianchi iliyorekebishwa mwaka 2023 inapoingia, pamoja na kanuni za masoko ya kaboni za mwaka 2024. Zimeleta mambo mazuri na lazima niyataje. Mradi wowote wa ardhini, ukiwa kwenye ardhi ya umma au ya jamii, hauwezi kuanza bila mkataba wa maendeleo na jamii husika. Mkataba huo lazima usajiliwe. Na jamii lazima ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia.

Asilimia 40 ilishangiliwa bungeni na vyombo vya habari. Lakini soma mstari mzima: ni asilimia 40 baada ya kutoa gharama za kuendesha biashara. Tuchukue mfano wa kubuni. Mradi umeuza vyeti vya shilingi milioni 10. Kampuni inaleta hesabu kwamba mishahara, washauri, ukaguzi, magari na safari za mikutano ya ng'ambo vimekula milioni 6. Zimebaki 4. Asilimia 40 ya milioni 4 ni milioni 1.6, na hiyo ndiyo ya kijiji. Sasa tazama masharti ya Plan Vivo, ambayo Gazi imekuwa ikiyafuata tangu mwanzo: angalau asilimia 60 ya mapato ya mauzo iwafikie wanajamii. Katika mfano wetu hiyo ni milioni 6. Wavuvi wa vijiji viwili walikuwa na masharti bora kuliko yale ambayo Bunge liliwatungia wenzao miaka kumi baadaye.

Wataalamu wa sheria watanijibu kwamba asilimia 40 ni sakafu, si dari, na kijiji kina haki ya kudai zaidi. Kweli. Lakini ni nani anayekaa upande wa kijiji mezani? Kampuni ina wakili. Serikali ina wakili. Kijiji kina mwenyekiti ambaye amepigiwa simu jana usiku aje mjini kutia saini, na nauli ametumiwa. Sisemi hili kwa dharau. Wenyeviti wengi ni watu wazima wenye busara kuliko mawakili. Lakini gharama za kuendesha biashara ni neno la wahasibu, na ugomvi wa mradi mzima unaweza kujificha ndani yake.

Tumeonywa kutoka jirani. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi za jamii za Biliqo Bulesa na Cherab, ya kwanza ikiwa sehemu ya eneo la mradi mkubwa wa kaboni wa nyanda za kaskazini, hazikuanzishwa kwa mujibu wa sheria. Kiini cha kesi kilikuwa ushirikishwaji wa wananchi: walioishi kwenye ardhi ile walisema hawakuulizwa ipasavyo. Wafugaji wa kule na wavuvi wa huku hawafanani kwa mengi, lakini katika jambo hili tumepanda chombo kimoja. Mradi usioulizwa mwanzo huulizwa mwisho, mahakamani, wakati fedha zimeshaliwa na watu wameshagawanyika.

Na mgawanyiko ndio ninaouogopa kuliko wizi. Angalia Tana Delta. Ile si mikoko peke yake. Ni mto unaofurika, mashamba ya mpunga ya Wapokomo, malisho ya Waorma na Wawardei wakati wa kiangazi, mabwawa ya samaki na ndege wasiohesabika. Kwa vizazi watu walipishana kwa malka, zile njia za mifugo kufikia mto. Ilipofika miaka ya 2000 kila mwenye ramani aliiona delta kama ardhi tupu: mashamba makubwa ya miwa, mashamba ya mimea ya mafuta. Hakuna aliyekuwa akipanga kwa ajili ya malka. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 Wapokomo na Waorma walipigana, watu zaidi ya 100 wakauawa, na vijiji vikachomwa. Siasa za uchaguzi zilichangia, hilo kila mtu analijua, lakini moto huwaka penye kuni. Mwaka ule ule wa 2012 delta iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, hekta 163,600, na cheti hicho hakikumzuia mtu yeyote kushika mkuki.

Kilichosaidia kilitoka kwingine. Wakaazi wenyewe walikuwa wamekwenda mahakamani, na Februari 2013 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamuru kwamba mpango wa matumizi ya ardhi ya delta uandaliwe, na wakaazi washirikishwe. Wakulima na wafugaji ambao mwaka mmoja nyuma walikuwa wakizikana walikaa kwenye mikutano wakichora pamoja: hapa palimwe, hapa palishwe, hapa pasiguswe, na malka zibaki wazi. Mpango ulikamilika mwaka 2015. Haujatekelezwa wote na migogoro haikwisha. Lakini ramani ile ipo, imechorwa na wenye mto, na atakayekuja na ramani nyingine atalazimika kuiweka kando ya ile.

Kuna pia mambo ambayo kijiji hakiyawezi, na si haki kukibebesha. Wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998 mikoko ilikufa kwa wingi huko Mwache, karibu na Mombasa, kwa sababu mafuriko yalileta udongo wa bara ukafunika mizizi ya kupumulia. Hakuna kamati ya ufukweni inayoweza kuzuia mmomonyoko wa milimani Kwale na Taita. Hori ya Tudor inapokea maji machafu ya jiji, na vijana wa Jomvu na Mikindani wanaopanda mikoko pale huanza kwanza kwa kuzoa mifuko na chupa zetu. Magarini, mashamba ya chumvi yalikula mikoko na ardhi za watu hadi Tume ya Taifa ya Haki za Kibinadamu ikafanya uchunguzi wa hadhara na kutoa ripoti mwaka 2006. Nendeni Gongoni na Marereni leo muwaulize wakaazi ni mapendekezo mangapi yaliyotekelezwa. Kililana, Lamu, bandari ilipojengwa wavuvi ndio waliokwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 na kitu. Mkataji wa boriti kumi hukamatwa siku hiyo hiyo. Wafyekaji wa hekta mia huja na tingatinga na kibali kilichopigwa muhuri.

Ndiyo maana nasema mikutano ya kaboni isiwe ya kaboni peke yake. Kijiji kikiitwa kujadili mkataba, kiulize mambo ya tope na ya mkoba kwa pamoja. Gharama zinazotolewa kabla ya mgao zina ukomo gani, na nani anazikagua? Fedha zinaingia benki gani, na saini za nani? Mwenye kibali cha boriti ametengewa sehemu gani ya kukata, na mivinje yake itapandwa lini? Wanawake waokotao kombe na kaa wataingia hori kama zamani, au watawekewa geti? Mkataba ni wa miaka mingapi, na mtoto aliye darasa la pili leo atakuwa na umri gani utakapokwisha? Uko kwa Kiswahili, au umeandikwa kwa Kiingereza na kufasiriwa kwa mdomo na mtu wa kampuni? Na je, serikali ikitaka kujenga bandari au kiwanda mahali pale pale mwaka wa tano, nani anamlipa nani?

Mpango wa taifa wa kusimamia mikoko ulitolewa kwa miaka kumi, 2017 hadi 2027. Una mambo mengi mema ndani yake, pamoja na kutambua kwamba jamii zina haki ya kutumia na si kulinda tu. Kwa hivyo utafikia kikomo mwaka ule ule wa uchaguzi mkuu. Mwingine utaandikwa, na kama hatukuwa chumbani ukiandikwa tutaletewa tuupokee kwa makofi. Wagombea watakuja na buti zao na miche yao. Kabla hawajashuka matopeni waulizwe, mbele ya kamera zao wenyewe, kama wameusoma huu unaokwisha, na kama wao ni wa asilimia 40 au wa 60.